Zulia kuukuu la mkono litililiwe, lisipakwe gundi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu mazulia ya zamani yaliyofumwa kwa mkono, maana siku hizi yanaharibiwa na matengenezo kuliko yanavyoharibiwa na miguu. Si mengi kwetu, lakini yapo. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Ghuba yalishusha Mombasa, Lamu na Unguja tende, chumvi na mazulia ya Kiajemi. Hadi leo utayakuta katika nyumba za mitaa ya kale, katika misikiti iliyowekewa wakfu na wazee, na kwa jamaa zetu walioko Oman na nchi za Ghuba. Zulia kama hilo likitoboka au likichakaa pindo, hupelekwa kwa anayeosha makochi na viti vya magari. Linarudi limepakwa gundi ya mpira upande wa chini, kingo zimepigwa cherehani, na mahali palipochujuka pamechorwa kwa kalamu ya wino. Mwaka wa kwanza linapendeza. Baada ya hapo hata fundi hodari hana pa kuanzia.

Zulia la mkono ni vitu vitatu tu. Kuna mtande, yaani nyuzi zilizotandwa kwa urefu kutoka ncha hadi ncha. Yale matamvua ya mwishoni si pambo lililoshonewa, ni mtande wenyewe umetokeza. Kuna mshindio, uzi unaopita kwa upana juu na chini ya mtande kila safu ya mafundo inapokwisha. Na kuna mafundo, ambayo ndiyo manyoya tunayoyakanyaga: kila fundo ni kipande kifupi cha sufu kilichozungushwa kwenye nyuzi mbili za mtande kisha kikakatwa. Basi. Mtande ukikatika, mshindio hauna pa kushika, na fundo lililokaa hapo linadondoka. Anayetengeneza manyoya akauacha mtande amepaka chokaa nyumba iliyooza boriti.

Sasa gundi. Gundi ya mpira ikikauka hushika mtande, mshindio na migongo ya mafundo kwa pamoja, na zulia linapoteza ulaini wake. Kila likikunjwa, mtande unavunjika pale pale kwenye mkunjo kwa kuwa hauwezi tena kuteleza. Miaka ikipita gundi inakuwa ngumu, inageuka rangi, kisha inamong'onyoka unga. Katika hewa ya pwani ubaya unazidi, kwa sababu chini hapapumui: unyevu unanaswa baina ya gundi na pamba, na pamba inaoza. Halafu sindano haipiti. Ukitaka kuibandua, unakwangua, na ukikwangua unaondoka na migongo ya mafundo. Ndiyo maana tunasema gundi ni tengenezo la mwisho: baada yake hakuna lingine.

Mafundi wa Iran wana jina la kazi ya kutengeneza zulia kwa sindano: rofugari. Kwa Kiswahili neno letu la karibu ni kutililia, lile la kuziba tundu la nguo kwa kupitisha nyuzi moja moja. Kanuni ni ile ile, ila katika zulia unatililia mtande kwanza, halafu mshindio, halafu ndipo unafunga mafundo.

Kabla ya sindano kuna kuhesabu. Geuza zulia, weka rula ya sentimita 10 kwa upana na uhesabu mafundo, kisha kwa urefu. Andika. Tazama kuna mishindio mingapi baina ya safu mbili: mmoja, miwili au mitatu. Tazama mtande ni wa nini. Mazulia ya miji ya Iran kwa kawaida yana mtande wa pamba. Mengi ya Uturuki na ya wahamaji yana mtande wa sufu. Machache ya thamani kubwa yana mtande wa hariri. Tazama pia uzi umesokotwa upande gani: ukiushika wima, mikunjo yake inalala kama mstari wa kati wa herufi Z au wa herufi S. Uzi mpya ukisokotwa kinyume, hukaa tofauti na wenzake hata rangi ikifanana, na kwa nyuma utaonekana milele. Mwisho pitisha kiganja juu ya manyoya kwa urefu, kama unavyompapasa paka. Upande mmoja yanalala na mwingine yanasimama. Fundi akifunga mafundo yakalala kinyume, kiraka kitaonekana cheusi mchana na cheupe jioni.

Fundo nalo lazima lijulikane. Kunja zulia taratibu kufuata safu ya mshindio, manyoya yafunguke. Katika fundo la Kituruki uzi umepita juu ya nyuzi mbili za mtande, na ncha zote mbili zimezama na kutokea pamoja katikati. Katika fundo la Kiajemi uzi umezunguka uzi mmoja wa mtande, wa pili umepitiwa nyuma tu. Ncha moja inatokea katikati, ya pili pembeni. Majina yasikupoteze. Wafumaji wa Tabriz, mji wa Iran, hufunga fundo la Kituruki, tena kwa kisu chenye ndoana. Na zulia kongwe kupita yote yaliyopatikana likiwa karibu zima, lile la Pazyryk lililochimbuliwa kwenye barafu ya milima ya Altai, Siberia, mwaka 1949, lenye sentimita 183 kwa 200, limefungwa kwa fundo hilo hilo. Jihadhari pia na fundo la wizi, linalofungwa juu ya nyuzi nne za mtande badala ya mbili ili mfumaji amalize haraka. Ukilikuta ndani ya kiraka, ujue aliyetengeneza alipunguza kazi kwa nusu, na manyoya yatakuwa haba hapo.

Kabla ya kushona, zulia lazima liwe safi, maana vumbi ni mchanga, na mchanga hukata sufu kwenye shina kila mtu anapokanyaga. Lakini zulia lenye umri lisipigwe fimbo likiwa limening'inia kwenye kamba. Lilaze kifudifudi, pitisha mashine ya kuvuta vumbi kwa nguvu ndogo juu ya kipande cha chandarua kilichotandazwa, kisha ligeuze upande wa manyoya ufanye hivyo hivyo ukifuata ulalo wake. Pindo na matamvua usiyaguse kwa mashine.

Kuosha kwa maji ni uamuzi, si desturi. Jaribu kwanza kila rangi, si nyekundu peke yake: lowanisha kitambaa cheupe cha pamba, kiweke juu ya rangi, kandamiza kwa uzito dakika 10, kitazame. Kikitoka na rangi, usiloweshe zulia hilo. Rangi za kiwandani zilianza kupatikana baada ya 1856, na zile za mwanzo zilizoingia kwenye mazulia mwishoni mwa karne hiyo ndizo zinazochuruzika na kupauka kwa urahisi. Jaribio la pili ni la masikio: kunja kona kidogo, taratibu. Pamba iliyooza hutoa mlio mkavu, kama jani la mnazi likivunjika. Zulia linalolia hivyo likitiwa maji litakatika mikononi.

Likifaulu majaribio yote mawili, lioshwe likiwa limelala, kwa maji yasiyozidi nyuzi 30 za joto na sabuni isiyo kali upande wowote, yaani si ya asidi wala ya magadi, gramu 1 kwa lita. Sabuni ya unga ya nguo haifai: nyingi ni kali kwa sufu, na zile zenye vimeng'enya vya kuondoa madoa ya damu na maziwa zinashambulia sufu yenyewe, kwa kuwa sufu nayo ni protini. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ni msiba mtupu; huyeyusha sufu. Maji ya visima vyetu vya pwani yana chumvi na chokaa, hivyo suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua kama yapo. Zulia la mita 2 kwa 3 lina kilo kama 20 likiwa kavu, na likilowa uzito unapita maradufu. Ukilinyanyua kwa ncha moja, uzito wote unaangukia mtande uliolegea kwa maji. Libebwe juu ya ubao au livingirishwe kwenye bomba, na likauke ndani ya siku moja kwa upepo, kivulini, likiwa juu ya chaga ili hewa ipite chini.

Tukija kwenye kushona, anza na ncha mbili zenye matamvua. Hapo ndipo zulia hufumuka: matamvua yakiisha, mshindio wa mwisho unateleza nje, safu ya kwanza ya mafundo inafuata, na kwa miezi michache umepoteza sentimita 2 za pambizo. Chukua uzi wa kitani au wa pamba imara, rangi ya mtande. Uzi wa nailoni haufai, ni mwembamba na mgumu, nao hukata sufu na pamba kama waya ukatavyo jibini. Fanya kazi kwa nyuma, sindano ya ncha butu ili ipite baina ya nyuzi bila kuzichoma. Kila mshono ushike nyuzi 2 au 3 za mtande, uingie mishindio 2, unaofuata uingie 4, tena 2, tena 4. Kupandisha na kushusha huku ndiko kunakogawa mvuto. Mishono yote ikiingia kina kimoja, unatengeneza mstari wa kukatia, na siku moja ukanda mzima unachanika pamoja. Matamvua ya dukani yanayoshonewa kwa cherehani tunayapinga kabisa. Sindano ya cherehani haichagui, hutoboa mtande katikati, na matamvua mapya mazito yanavuta pale palipotobolewa.

Kingo za ubavuni, ambazo Waajemi huziita shirazeh, ni nyuzi kadhaa za mtande zilizofungwa pamoja na kuzungushiwa sufu kama kamba. Zikilika, zulia bado zima, na kazi ya kurudisha ni ya siku chache. Kama kamba ya ndani imekatika, tia uzi mpya wa unene ule ule na uulaze juu ya ule wa zamani sentimita 3 au 4 kila upande. Kisha zungusha sufu ya nyuzi mbili, sindano ikiingia ndani ya fundo la kwanza, na kila mzunguko wa nne iingie hadi fundo la tatu ili kingo isibanduke. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kukaza mno: ukingo unakuwa mfupi kuliko zulia, nalo linakunja masikio. Weka rula, sufu ilale tu bila kunyonga.

Tundu ndilo linalopima fundi. Tuchukue mfano wa tundu la sentimita 10 kwa 10 katika zulia lenye mafundo 40 kwa kila sentimita 10, pande zote mbili. Hapo pana nyuzi 80 za mtande zilizokosekana, safu 40, mishindio 80 kama ni miwili kwa safu, na mafundo 1,600. Mtande mpya utakula karibu mita 13 za uzi pamoja na za kuingilia pembeni, mshindio karibu mita 12, na sufu kama mita 64 ukihesabu sentimita 4 kwa fundo pamoja na ncha zinazokatwa. Anayekuahidi kumaliza hilo jioni ya leo anakusudia gundi au kiraka.

Wamba zulia kwenye fremu ya mbao inayolizidi tundu sentimita 15 kila upande, ukilishikiza kwa bandi kwenye kitambaa kilichokazwa. Mafundi wa zamani walipigilia misumari midogo baina ya mafundo, na wengi bado wanafanya hivyo. Katika unyevu wetu msumari unaacha kutu, na kutu haitoki. Kisha mtande. Tunga uzi mpya, ingiza sindano kando ya mtande wa zamani, ndani ya mafundo mazima, juu ya tundu, ushuke hadi utokee ng'ambo. Uzi wa kwanza uingie sentimita 2 ndani ya sehemu nzima, wa pili 3 na nusu, wa tatu 2 na nusu, wa nne 4. Usipige fundo mwishoni. Uzi unashikwa na msuguano wa mafundo yanayouzunguka, na kwa kuwa kila mmoja umeishia mahali pake, hakuna mstari wa unene utakaoonekana au kuchanika. Ukimaliza, pitisha ncha ya kidole juu ya nyuzi zote 80. Ziitike sawa. Ulio legevu utatoa uvimbe, uliokaza utavuta kiraka ndani.

Mshindio una siri yake, na hapa hata mafundi wazuri hukosea. Katika mazulia mengi ya miji ya Iran mshindio wa kwanza hupita umenyooka na umekazwa, wa pili mwembamba hupita kwa mawimbi, umelegea. Huo uliokazwa husukuma nusu ya mtande nyuma ya nusu nyingine, ndiyo maana kwa nyuma unaona mfano wa matuta. Ukiikaza yote miwili, kiraka kinajikunja kama bakuli. Ukiilegeza yote, kinafura kama andazi. Kila mshindio uanze na kuishia sentimita 2 ndani ya sehemu nzima, kwa kupishana, kama ulivyofanya kwa mtande.

Ndipo ufunge mafundo, safu moja, gandamiza kwa kitana kizito, mishindio miwili, gandamiza tena. Kila safu 5 weka rula. Ukihesabu safu 44 mahali pa 40, maua hayatakutana juu, na dawa ni kufumua, hakuna njia ya mkato. Manyoya mapya yakatwe marefu kuliko ya zamani kwa milimita 2, yanyunyiziwe maji kidogo, yalale siku moja, kisha yakatwe tena kwa mkasi uliopinda. Anayeyasawazisha papo hapo anarudi wiki ya pili kukuta kidimbwi.

Jambo moja katika mila ya rofugari hatukubaliani nalo, japo tunawaheshimu waliotuachia kazi hii. Fundi wa soko huanza kwa kulikata tundu liwe mraba, ili nyuzi zianze na kuishia pamoja na kazi iende haraka. Anatupa mafundo mazima ya zamani kwa ajili ya urahisi wake. Tundu lina umbo lake. Lifuatwe lilivyo, na mtande upishane.

Kiraka cha kukatwa kutoka zulia jingine nacho kina historia inayouma. Zulia la Ardabil, mji wa Iran, lililoandikwa jina la Maqsud Kashani na mwaka 946 Hijria, yaani 1539 hadi 1540, lina takriban mita 10.5 kwa 5.3 na mafundo ya sufu kama 5,300 katika kila mraba wa sentimita 10 kwa 10, juu ya mtande wa hariri. Lilinunuliwa mwaka 1893 kwa pauni 2,000 na makumbusho ya London yanayoitwa leo Victoria and Albert, kwa ushauri wa mbunifu Mwingereza William Morris. Lilikuwa na pacha. Ili hilo moja liuzwe likiwa zima, pacha lilikatwa kujazia mapengo yake. Leo liko katika makumbusho ya sanaa ya kaunti ya Los Angeles, halina pambizo. Walioshona walikuwa mahiri, na hiyo haibadilishi kitu: zulia moja liliponywa kwa nyama ya mwenzake. Hivyo hivyo kwa wanaofumua kilimu kikuukuu, yaani zulia bapa lisilo na manyoya, kupata sufu yenye rangi iliyopooza. Rangi inalingana, kweli, lakini sufu ya miaka 100 imechoka na haitadumu kwenye sakafu, na kilimu kimekufa bure.

Sufu mpya inaweza kutiwa rangi nyumbani. Kwa gramu 100 za sufu, shabu gramu 15 hadi 20 katika maji mengi, pasha polepole hadi kama nyuzi 80, acha saa 1, poza humo humo. Nyekundu ya Kiajemi hutoka kwenye mizizi ya mmea wa runasi, gramu 50 hadi 100 kwa sufu hiyo, na joto lisipite nyuzi 70 maana zaidi ya hapo nyekundu inaelekea kahawia. Bluu ni nili, nayo haihitaji shabu. Rangi nyeusi na kahawia nzito ndizo za kuangalia. Wazee walizipata kwa chuma pamoja na maganda yenye ukali kama ya komamanga, na chuma hicho huila sufu: tazama zulia kuukuu, mistari meusi imezama kama imechongwa, huku nyekundu kando yake bado imesimama. Usirudie kosa hilo. Tumia sufu ya kondoo mweusi kama ilivyo. Linganisha rangi nje, kivulini, mchana, kwenye ncha ya manyoya, tena kutoka pande zote mbili za ulalo. Taa ya dukani hudanganya. Na rangi ya kale haijawahi kuwa moja. Sufu ilitiwa rangi mafungu mafungu, kwa hiyo uwanja mwekundu una mawimbi. Kiraka chenye rangi moja tupu hujitangaza chenyewe.

Watu wa makumbusho wana njia nyingine, na ina mahali pake. Wao hawafungi fundo jipya: huweka kitambaa cha pamba au kitani nyuma ya tundu, kilichotiwa rangi ya kufanana, na kukishikiza kwa nyuzi zinazolazwa na kushonewa juu juu, ili kesho mtu aweze kuondoa kila kitu bila jeraha. Kwa zulia linalotundikwa au lenye maandishi na tarehe, tunakubaliana nao moja kwa moja. Tarakimu iliyotoboka isifumwe kwa kukisia. Kuna mazulia yaliyoongezewa umri kwa kubadili tarakimu moja. Kwa zulia la wakfu linalosujudiwa kila siku, kitambaa cha nyuma hakitoshi, ukingo wa tundu utaendelea kulika chini ya magoti. Hilo lifumwe. Fundi apige picha mbele na nyuma kabla na baada, aandike alichotia, na karatasi hiyo ikae na zulia.

Pale ambapo mtande ni mzima na manyoya tu yameliwa, kazi ni nyepesi: fundo moja moja kwa sindano juu ya mtande ule ule. Mara nyingi aliyekula ni nondo, au tuseme mtoto wake, kwa kuwa nondo mzima hali. Buu lake ndilo linalokula sufu, gizani, chini ya kabati na kochi, mahali pasipofagiwa. Karafuu na kafuri hunukiza, haziui mabuu. Mafuta ya taa yanaacha doa na ni hatari ya moto. Zulia dogo au msala livingirishwe, lifungwe ndani ya nailoni isiyopitisha hewa, litiwe kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2, na likitoka lisifunguliwe hadi siku nzima ipite, ili maji ya hewa yagande juu ya nailoni badala ya sufu. Usianze kushona kabla ya hapo. Utakuwa unawapikia.

Na kulinda ni sehemu ya kutengeneza. Katika Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, Muscat, wageni hupitishwa juu ya ukanda uliotandikwa, wasikanyage zulia la Khorasan, Iran, lenye mafundo bilioni 1.7, nalo ni la juzi tu. Nyumbani inatosha kuligeuza zulia kila miezi 6 ili mlango usile upande mmoja, na kulitandikia kitu laini kinachopitisha hewa. Likihifadhiwa lisikunjwe kama shuka. Livingirishwe kwa kufuata urefu wa mtande, manyoya yakiwa nje, kwenye bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, kisha lifunikwe kwa marekani iliyofuliwa ikatolewa wanga. Lisifungiwe nailoni, kwenye joto letu nailoni hugeuza bomba kuwa chungu cha ukungu. Lifunguliwe kila baada ya miezi 3, ligeuzwe, litazamwe kwa nyuma, kwa sababu tundu huanzia huko.

Wenu,
Mafundi wa mazulia ya mkono,
Mji wa Kale, Mombasa.